Jiwe na Kitabu: Habari ya Kupima Dunia kwa Uzi

Fundi mwashi ajengapo ukuta huchukua timazi, yaani uzi wenye kipande cha risasi au cha chuma mwishoni, akauning'iniza apate kuona kama ukuta wake umesimama wima. Lakini kabla ya kuona lolote yampasa angoje, kwa maana timazi ikishushwa hucheza kwanza huku na huku, kisha hupunguza mwendo hata ikatulia. Kwa fundi kucheza huko ni taabu tu, kwani kunamchelewesha. Walakini wako watu walioacha kungoja timazi itulie. Wao walihesabu kucheza kwake, na kwa hesabu hiyo wakajua umbo la dunia, na uzito wa milima, na habari ya miamba iliyo mbali chini ya miguu yetu. Habari za watu hao ndizo tutakazo kusimulia, pamoja na kosa moja tulilolitenda sisi wenyewe kwa kutozijua.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya Morogoro, mahali ambapo ukisimama mlangoni waiona milima ya Uluguru imejaa mbele yako, na kilele cha Lupanga kimevaa mawingu. Somo la juma lile lilikuwa pendulumu. Neno hilo maana yake ni kitu cho chote kizito kining'iniacho na kucheza. Hata ile mizani iendayo kushoto na kuume ndani ya saa ya ukutani ni pendulumu. Hatukuwa na vyombo vya fahari. Tulikuwa na nyuzi za mshipi wa kuvulia samaki, na mawe ya mviringo yaliyookotwa mtoni, na saa ya mkono moja kwa kila kundi la wanafunzi. Tulizifunga nyuzi kwenye misumari ya boriti, kazi ikaanza.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza, bali ni ngumu kutenda. Huupima urefu kutoka msumari hata katikati ya jiwe, wala si hata kwenye fundo. Halafu hulivuta jiwe kando kidogo, lisipite upana wa kiganja kwa uzi wa meta moja, kwa maana likivutwa mno mwendo wake hukawia. Kisha huliachia pasipo kulisukuma, na kuhesabu. Kwenda kwake na kurudi mara moja na tukuite mbembeo. Wengi hukosea papa hapa mwanzoni: wanapoliachia jiwe husema "moja," na hali mbembeo wa kwanza haujatimia. Yapasa kuanza kwa "sifuri." Mtu aliyehesabu hivyo vibaya akafika ishirini, amepima mibembeo kumi na tisa tu, na hesabu yake yote itapotoka.

Tena haifai kupima mbembeo mmoja. Mkono wa mtu huchelewa kuizuia saa, labda kwa sehemu ya tano ya sekunde. Katika mbembeo mmoja wa sekunde mbili, kosa hilo ni sehemu ya kumi ya jambo lote. Lakini ukihesabu mibembeo hamsini, yaani sekunde mia, kosa ni lile lile, nalo limekuwa sehemu moja tu katika mia tano. Kwa hiyo mwenye subira hupata kweli kwa saa hafifu, na mwenye haraka huikosa hata akiwa na saa ya thamani.

Ukiisha kujua urefu wa uzi na muda wa mbembeo mmoja, waweza kujua nguvu ya uvutano, yaani jinsi dunia inavyovivuta vitu vyote chini. Kitu kikianguka, kila sekunde ipitayo mwendo wake huzidi kwa karibu meta kumi kwa sekunde. Kitabu tulichokuwa tukikifundisha kilisema si kumi kamili, bali ni 9.81.

Basi, wanafunzi walileta madaftari yao. Kundi la kwanza lilikuwa limepata 9.81. Kundi la pili vile vile 9.81. La tatu 9.80. Tulifurahi, tukaweka alama nzuri. Kisha akaja kijana mmoja mpole, aliyekuwa na desturi ya kukaa nyuma, naye daftari lake lilisema 9.77. Tulichukua wino mwekundu, tukaikata hesabu ile. Kijana akasimama kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, nimehesabu mibembeo mia, nami nimerudia mara tano. Je, niandike la kitabu, ama niandike la jiwe?"

Tukamjibu, "Andika la kitabu, mwanangu. Kitabu kimeandikwa na watu wenye elimu."

Akaketi, akafuta, akaandika 9.81.

Jibu lile tulilitoa upesi, nalo lilitusumbua baadaye. Hata siku moja, tukisoma habari za watu wa kale waliozipima pendulumu, tuliona ya kuwa swali la kijana yule limekwisha kuulizwa zamani, tena na watu wakubwa, na ya kuwa jibu lake halikuwa lile tulilompa.

Habari yenyewe huanza Italia. Yasimuliwa kwamba karibu mwaka 1583, Galileo, akiwa bado kijana mwanafunzi, alikuwa katika kanisa kuu la Pisa akaona taa iliyoning'inia ikicheza. Alishika mshipa wa mkono wake, akalinganisha mapigo yake na mwendo wa taa, akaona ya kuwa ijapokuwa taa ilizidi kupunguza upana wa mwendo wake, muda wa kwenda na kurudi ulikuwa kama ule ule. Labda kisa hiki kimepambwa na waliokisimulia. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1602 Galileo aliandika barua juu ya pendulumu, na maisha yake yote hakuacha kuitafakari. Alifundisha ya kuwa uzito wa jiwe haubadili muda, bali urefu wa uzi ndio uubadilio. Ukitaka muda uwe maradufu, yapasa uzi uwe mrefu mara nne.

Mwaka 1656 Mholanzi aitwaye Christiaan Huygens alitwaa akili hiyo akatengeneza saa iendayo kwa pendulumu. Saa za zamani ziliweza kupotea robo saa kwa siku moja. Saa hii mpya ilikosa chini ya dakika moja. Tangu hapo wenye elimu walikuwa na chombo cha kugawanya siku sawasawa. Ndipo wengine wakawaza jambo kubwa zaidi. Pendulumu ambayo kila kwenda kwake ni sekunde moja na kila kurudi kwake ni sekunde moja, huko Paris ilikuwa na urefu wa sentimeta 99 na milimeta 4 hivi. Kama urefu huo ni mmoja duniani pote, basi ungeweza kuwa kipimo cha mataifa yote, kila mtu akajipatia meta yake kwa uzi na jiwe, bila kuagiza fimbo ya kupimia kutoka kwa mfalme ye yote.

Lilikuwa wazo zuri, nalo liliharibiwa na mtu mmoja aliyehesabu kwa uaminifu. Mwaka 1672 chuo cha elimu cha Paris kilimtuma Jean Richer kwenda Cayenne, katika pwani ya Amerika ya Kusini, ili aitazame nyota ya Mars. Msomaji atakayeangalia ramani ataona ya kuwa Cayenne iko karibu nyuzi tano kaskazini ya Ikweta, kama vile Morogoro ilivyo karibu nyuzi saba kusini yake. Nchi ile ni ya joto kama yetu. Richer alichukua saa ya pendulumu iliyorekebishwa Paris. Alipofika huko akaona ya kuwa saa inachelewa kila siku karibu dakika mbili na nusu. Ili iende sawa na nyota ilimlazimu kuifupisha pendulumu kwa kiasi cha milimeta tatu, wala hazikutimia.

Milimeta tatu ni kitu gani? Hazifikii unene wa kamba. Mtu mwingine angalisema, "Saa imeharibika baharini," akanyamaza. Richer hakunyamaza, wala hakuandika lile lililotazamiwa. Alirudia kipimo chake kila juma kwa muda wa miezi kumi, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Aliporudi Ufaransa mwaka 1673 alitoa hesabu yake kama ilivyo. Wako walioona shaka, wakidhani labda joto limekirefusha chuma cha pendulumu. Ni kweli chuma hurefuka kwa joto, lakini si kwa kiasi kile.

Isaac Newton, Mwingereza, ndiye aliyeipa hesabu ile heshima yake. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687 alieleza ya kuwa dunia haikuviringana kamili kama mpira. Kwa sababu inazunguka, imevimba kidogo penye Ikweta. Leo twajua ya kuwa mtu aliye kwenye Ikweta yu mbali na kitovu cha dunia kuliko mtu aliye kwenye ncha ya kaskazini kwa kilometa 21 hivi. Tena mzunguko wenyewe hupunguza uzito wake kidogo. Kwa hiyo huku kwetu uvutano ni hafifu kuliko Ulaya, na pendulumu ya urefu ule ule huenda polepole zaidi. Paris uvutano ni 9.81. Cayenne ni 9.78. Na Morogoro?

Morogoro ni 9.78.

Tulipoisoma habari hii tuliweka kitabu chini. Ile 9.81 ya kitabu chetu haikuwa uongo. Ilikuwa kweli ya nchi walikokaa watu waliokiandika. Kijana wetu kwa jiwe lake la mtoni alikuwa amepata 9.77. Vyombo vyake vilikuwa dhaifu, na hesabu yake ingeweza kukosea kidogo juu au chini. Walakini ilikuwa karibu na kweli ya nchi yake kuliko hesabu tuliyomlazimisha aiandike. Na wale wengine waliopata 9.81 pasipo kasoro, je, waliipata wapi? Hawakuipata kwenye jiwe.

Lakini habari haikuishia kwa Newton. Mwaka 1735 Wafaransa wengine, na miongoni mwao Pierre Bouguer, walisafiri hata nchi iitwayo leo Ekwado, ili kupima umbo la dunia penye Ikweta. Bouguer alipima pendulumu karibu na bahari, na tena katika mji wa Quito ulio juu kupita meta 2,800, na tena kwenye mlima Pichincha ulio juu zaidi. Aliona ya kuwa kadiri apandavyo ndivyo uvutano upunguavyo, kwa sababu anakwenda mbali na kitovu cha dunia. Lakini haukupungua kwa kadiri aliyoitazamia kama angalikuwa hewani. Kwa nini? Kwa sababu mlima wenyewe nao ni kitu kizito, nao unavuta. Hata timazi ikiangikwa kando ya mlima mkubwa huvutwa kuuelekea, ijapokuwa ni kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho matupu.

Tuyatazame hayo kwa milima yetu. Mji wa Morogoro uko juu ya bahari kiasi cha meta 500, na Lupanga yapita meta 2,100. Mtu akirekebisha saa ya pendulumu mjini, akapanda nayo hata kileleni akaiacha huko, itachelewa karibu sekunde 20 kwa siku. Tena zitapungua kidogo, kwa sababu miamba ya Uluguru iliyo chini yake inarudisha sehemu ya uvutano uliopotea. Sekunde 20 kwa siku nzima! Ukihesabu mibembeo hamsini tu, tofauti ya mjini na mlimani ni kama sehemu ya arobaini ya sekunde moja. Hapana mkono wa mtu uwezao kuikamata.

Basi wenye kazi hii huikamataje? Hutumia akili ambayo kila mama wa kijijini ameisikia kwa masikio yake. Wanawake wawili wakitwanga karibu karibu, kila mmoja na kinu chake, mara michi yao hulia pamoja, kisha huanza kuachana, kisha baada ya muda hulia pamoja tena. Ikiwa mmoja hupiga mara 100 wakati mwenziwe apigapo mara 101, utasikia kulia pamoja mara moja tu katika kila mapigo hayo mia. Kwa kungoja mlio wa pamoja, waijua tofauti ya sehemu ya mia bila kuwa na saa ya kupimia sehemu ya mia. Hivyo ndivyo walivyolinganisha pendulumu na saa: walingoja ziende pamoja, wakahesabu, wakangoja tena, kwa saa nyingi, mchana na usiku.

Pendulumu za namna hiyo zilifika katika nchi yetu. Mwaka 1899 na 1900, wakati wa utawala wa Wajerumani, shirika la elimu la mji wa Göttingen lilituma safari ya kupima uvutano katika Afrika ya Mashariki. Waliosimamia kazi walikuwa Ernst Kohlschütter, mtaalamu wa nyota na vipimo, na Hans Glauning, afisa wa jeshi. Wakati ule reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa haijaanza. Ilianza kujengwa mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Vyombo vya safari za bara vilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi.

Na tufikiri kidogo juu ya mzigo huo. Pendulumu ya kupimia haifanani na gunia la mtama. Ikigongwa mara moja, ukingo wake mkali inaochezea ukaharibika, vipimo vyote vitakavyofuata havina maana, wala hapana atakayejua mara moja. Mpagazi aliyejikwaa mtoni angaliweza kuiangusha kazi ya miezi. Kwa hiyo kila hesabu iliyoandikwa vitabuni kwa majina ya wakubwa wa safari imesimama pia juu ya miguu ya watu ambao kwa sehemu kubwa majina yao hayakuandikwa. Watu hao walivibeba vyombo wasivyoambiwa ni vya nini, wakavifikisha salama.

Baadaye, mwaka 1933 na 1934, Mwingereza Edward Bullard wa Cambridge alikuja Afrika ya Mashariki na pendulumu zake, akapima mahali pengi katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Yeye alikuwa na msaada ambao wa kwanza hawakuwa nao, maana ishara za saa zilimfikia kwa simu ya upepo. Alichapisha kazi yake mwaka 1936, akitumia na hesabu za Kohlschütter pamoja na zake mwenyewe.

Waliona nini? Waliona ya kuwa katika nyanda za juu za bara uvutano ni mdogo kuliko ungalivyokuwa kama nchi ile ya juu ingekuwa ni mzigo mtupu uliowekwa juu ya nchi. Maana yake ni kwamba chini ya nyanda hizo mna vitu vyepesi vinavyozichukua, kama vile mtumbwi uchukuliwavyo na sehemu yake iliyozama majini. Tena katika Bonde la Ufa waliona upungufu uliozidi. Bullard alidhani ya kuwa bonde lile limesukumwa chini kwa kubanwa na nchi za pande mbili. Wataalamu waliofuata wamegundua kinyume chake, kwamba nchi inavutwa na kuachana, nayo inaendelea kuachana polepole hata leo. Hivyo maelezo ya Bullard yalibadilishwa, lakini hesabu zake hazikubadilishwa. Wale waliompinga walizitumia zile zile, kwa kuwa zilikuwa za kweli. Siku hizi uvutano hupimwa kwa vyombo vya springi, na hata kwa vyombo virukavyo juu ya dunia, kama vile viwili vilivyorushwa pamoja mwaka 2002, vilivyofanya kazi hata mwaka 2017. Hata hivyo kazi ni ile ile aliyoianza Richer, ya kuandika lile lililoonekana.

Nasi tulifanya nini baada ya kuyasoma haya? Tulimwita kijana yule mbele ya darasa lote. Tuliwaeleza habari ya Cayenne na ile saa iliyochelewa, tukawaonyesha kwenye ramani mahali ilipo Paris na mahali ilipo Morogoro. Kisha tukasema wazi ya kuwa mwalimu alikosa na mwanafunzi alikuwa na haki, tukamwomba radhi. Darasa likanyamaza kimya. Baadaye mmoja wa wale wenye 9.81 alinyanyua mkono akauliza kama wangeruhusiwa kupima tena. Tuliwaruhusu. Wakapata 9.7 na kitu, na 9.9, na mmoja 10.8, kwa sababu alianza kuhesabu kwa "moja." Madaftari hayo yalikuwa na makosa mengi kuliko yale ya kwanza, nasi tulipendezwa nayo zaidi, maana sasa tuliweza kumwonyesha kila mmoja kosa lake lilipo na jinsi ya kulisahihisha. Hesabu iliyonakiliwa haina mahali pa kusahihishwa.

Hatusemi kwamba vitabu vidharauliwe. Richer mwenyewe alisoma kwanza, na bila kusoma asingalijua ya kuwa saa yake inasema jambo geni. Bali kitabu hueleza yale walioyaona wengine mahali pao, na jiwe huonyesha yaliyopo mahali petu. Yakipatana, tushukuru. Yasipopatana, tusikimbilie wino mwekundu. Tupime tena, mara tano, mara kumi, tuangalie fundo na msumari na sifuri ya kuanzia. Na kama jiwe bado lasema vile vile, tuandike la jiwe.

Uzi haupungui katika nyumba zetu, na mawe ya mto Morogoro hayauzwi. Mzazi na mtoto waweza kuijaribu kazi hii jioni moja barazani. Upimeni uzi wa sentimeta 99 na milimeta moja hata katikati ya jiwe, mlivute kidogo, mliachie, mseme "sifuri." Mkihesabu mibembeo hamsini kwa uangalifu, saa itawaonyesha sekunde mia.